Siku kumi za kuupima mlima, Mpwapwa mpaka Mang'alisa

Siku ya 1, Jumamosi

Naanza kuandika nikiwa kwenye basi. Tumetoka Dodoma saa mbili asubuhi, mimi na mwenzangu niliyesoma naye Chuo cha Ardhi Morogoro, mizigo iko miguuni kwetu maana konda alitaka kuipandisha kwenye keria nikakataa, humo ndani kuna GPS mbili za mkononi, sola ya kukunja, pawabenki tatu, dira, tepu ya mita 50, shiti za ramani za zamani tulizotoa fotokopi, na mpira mweupe wa maji wa mita 20, ule ule mafundi ujenzi wanapigia levo ya msingi. Droni hatuna, kibali chake lazima kipite kwa watu wa anga na kwa jeshi pia, na likizo yetu ni siku kumi tu.

Mi kazi yangu ya kila siku ni kupima viwanja, na Dodoma ya saiv ina viwanja vya kupima mpaka uchoke. Ila kitu kinachonikaa rohoni ni mlima. Kila mvua zikizidi unasikia reli ya kati imekatika tena huko kati ya Gulwe na Kilosa, tuta limesombwa, abiria wamekwama, na watu wanasimama darajani wanaangalia yale maji mekundu yanavyopita na magogo. Mi huwa nauliza yametoka wapi. Mengine yanaanzia huku huku Dodoma na Kinyasungwe yenyewe, mengine yanashuka kutoka safu ya Rubeho, upande wetu wa Mpwapwa, kwenye vijito ambavyo wengi wetu huku mjini hatuvijui hata majina.

Na mkoa wetu kwenye maji una maajabu yake. Mvua ikinyesha upande wa Bahi inaingia mto Bubu inaishia kwenye mbuga ya Bahi, haitoki hapo. Ikinyesha Dodoma mjini na kuja huku inaingia Kinyasungwe, ambayo mbele inaitwa Mkondoa, mbele zaidi Wami, mpaka Bahari ya Hindi. Na ikinyesha mgongo wa nyuma wa Rubeho inaingia Ruaha Mkuu, inaenda kuwa Rufiji. Njia tatu mkoa mmoja. Ule mgongo unaogawa maji ya Wami na ya Rufiji ndo tunaoufuata, tuutembee kwa miguu, tuuchore vizuri kipande kimoja tu, kile cha Mang'alisa, tusijidanganye kwamba tutamaliza safu nzima.

Kabla ya Mbande nimemkumbusha mwenzangu abadilishe zoni, kile kipande cha dunia ambacho GPS inahesabia namba zake. Dodoma mjini iko zoni ya 36 Kusini, Mpwapwa iko zoni ya 37, mstari wa nyuzi 36 Mashariki unapita hapo katikati na wala huuoni, hakuna kibao. Nimeshaona kazi nzuri ya mtu imeharibika kwa hicho tu, pointi zote ziko sahihi ila zimechorwa zimeangukia mbali kabisa. Na kitu cha pili ni datamu, yaani umbo la dunia ambalo namba za ramani zinahesabiwa juu yake. Shiti zetu za 1:50,000, zile za mfululizo wa Y742, ziko kwenye Arc 1960, GPS inatoka dukani ikiwa na WGS84, ukisoma namba kwenye moja ukazipeleka kwenye nyingine bila kubadilisha unahama kama mita 300 hivi. Mjini mita 300 ni mtaa wa pili, utauliza utaelekezwa. Mlimani mita 300 ni korongo lingine.

Tumelala Mpwapwa. Ugali wa uwele na mlenda, tumekula mpaka tukanyamaza.

Siku ya 2, Jumapili

Siku ya kusubiri. Kibali cha kuingia kwenye msitu wa hifadhi tulishafuatilia mapema lakini aliye na nakala yuko kanisani, basi tumekaa kivulini tunaziangalia shiti. Mzee mmoja wa pale gesti akaja akainama akasoma jina la mji, akasema hapa panaitwa Mhamvwa bwana, hilo Mpwapwa ni ulimi wa wageni. Nilikuwa nalijua hilo, kama tunavyojua sote kwamba Dodoma ni Idodomya, pale tembo alipozama, lakini nilivyolisikia kutoka kwake huku kidole chake kiko juu ya herufi zilizochapwa lilinigusa upya. Mtu mmoja aliuliza jina, mwingine akajibu, wa tatu akaandika alichosikia, na ndo limebaki hivo.

Nikamwambia mwenzangu hii safari hatuandiki jina lolote mpaka tulisikie kwa watu watatu tofauti, na tumrekodi mtu akilitamka kwenye simu.

Siku ya 3, Jumatatu

Lori la mazao mpaka Kibakwe, kisha bodaboda mbili kupanda kuelekea Wotta, na hapo sitasema mengi zaidi ya kwamba vumbi lilikuwa mpaka kwenye meno. Ila kuna kitu kimoja cha kusimulia. Chini kwenye mibuyu watu walikuwa wanatusalimia mbukwenyi, Kigogo kabisa. Tukaendelea kupanda, mibuyu ikaisha, ikaja miti ya miombo, hewa ikabadilika, na kwenye mlango wa duka moja mama akatuambia kamwene. Kihehe! Nikaangalia GPS, tumeshapanda mamia ya mita toka Kibakwe. Nikaandika pembeni ya daftari kwamba salamu nazo zinafuata mwinuko, maana mtu akija kuchora ramani ya lugha huku atahitaji kontua, ile mistari ya mwinuko, vile vile.

Ofisi ya kijiji tukasaini kitabu cha wageni, mtendaji akaita wajumbe, wakaja na watu wengine wengi kwa sababu habari ya wapima ardhi inakimbia kuliko pikipiki. Mama mmoja amekaa mwisho wa benchi, mtoto mgongoni, akauliza moja kwa moja, "Mnapima ili mtuhamishe?"

Hapo pakawa kimya. Na hilo swali lina haki yake. Wengi wa umri wa baba zetu mkoa huu wameona Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, watu wakatolewa kwenye makazi yao yaliyotawanyika wakawekwa kwenye vijiji, kwa hiyo mtu mwenye vifaa anayeangalia ardhi yako na kuandika hawezi kupokewa kirahisi. Nikamjibu mama, hapana, hatuna mamlaka ya kumhamisha hata kuku, tunapima maji yanakotoka na mlima ulivyokaa, tukimaliza karatasi ya kwanza inabaki hapa ofisini na mkiona kitu hakifai kuandikwa mtatuambia. Akasema, "Basi mwandike na kisima chetu cha kiangazi, maana mvua zikikata tunatembea nusu siku na hakuna anayejua."

Kisima chake ndo pointi yetu ya kwanza ya safari. Tulienda naye jioni, dakika 50 kwenda tu, tumejaza ndoo ya lita 20 kwa dakika nne na sekunde kumi, tukaandika.

Tumepewa mwenyeji wa kutupandisha, mzee wa miaka sabini na kitu, na kijana wake wa kubeba. Nilipomwamkia shikamoo akaitika marahaba mwanangu, akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia, akasema basi wewe ni wa hapa hapa.

Siku ya 4, Jumanne

Kupanda. Tumeanza saa kumi na mbili kabla jua halijawa kali. Mashamba ya maharage na viazi, kisha nyasi, kisha mdomo wa msitu ambao unakuja ghafla kama ukuta, unavuka hatua tatu na unahitaji sweta.

Kambi tumeweka ukingoni, upande wa nyasi ili GPS ione anga. Ndani ya msitu mkubwa GPS inahangaika, mawimbi yanagonga majani na magogo yanarudi, nje nilikuwa na uhakika wa mita tatu au nne, ndani ikawa inarukaruka zaidi ya kumi. Dawa yake ni subira, unaiweka juu ya kisiki inasoma kwa dakika 10 au 15 unachukua wastani, na kati ya pointi na pointi unatembea na dira na tepu.

Kwa kimo cha mlima tunategemea zaidi barometa, kile kisomaji cha mgandamizo wa hewa kilichomo kwenye simu. Huku juu kila mita kumi hivi unazopanda mgandamizo unapungua hektopaskali moja, simu inasoma mpaka vipande vya hapo, kwa hiyo tofauti ya kimo kati ya sehemu mbili unaipata vizuri kabisa. Shida ni kwamba hewa yenyewe haitulii. Tumemwachia kijana simu moja kambini na kalamu, kila nusu saa aandike namba, sisi tutembee na simu nyingine, halafu jioni tuondoe yale mabadiliko ya kambi kwenye vipimo vyetu. Kijana ana mwandiko mzuri kuliko wangu.

Siku ya 5, Jumatano

Siku nzima mahame, makazi yaliyoachwa.

Sikutegemea. Nilidhani tukitoka kwenye mashamba basi huko mbele ni nyika tupu, na kwenye shiti ni kweli pamebaki peupe, kontua tu. Mzee akawa anatembea mbele anaonyesha kwa fimbo, hapa palikuwa kwa fulani, hapa palikuwa zizi, hili jiwe ni la kusagia, ona, limechimbika. Tukalisafisha, kweli, jiwe la kusagia limelala chali kwenye nyasi. Pale kwenye mti mkubwa palikuwa uwanja wa ngoma. Akasema yeye alishushwa kutoka hapa akiwa kijana anayeanza kuota ndevu, wakaambiwa kuna shule na zahanati chini, wakashuka na mbuzi na vyungu, bibi yake akagoma akabaki wiki nzima peke yake mpaka wakaja kumbeba.

Tumehesabu mahame saba kwenye mgongo mmoja. Kila moja lina jina, na majina mengi ni ya maji au ya miti iliyo karibu, ukilijua jina umeshajua nini kiko hapo. Mwenzangu akaniuliza tunayaandikaje maana hakuna mtu anayekaa, alama ya kijiji haifai na alama ya magofu haifai. Tumekubaliana jina tu, herufi za kulala, bila alama yoyote. Mimi nasema jina ni kipimo sawa na kimo. Kontua zitanieleza maji yatapita wapi, jina litanieleza watu walipita wapi na kwa nini, na huyu mzee akishalala ardhini hakuna setilaiti itakayonisomea.

Majina tumeyarekodi yote saba. Matano yamethibitishwa na watu watatu wa chini kabla ya kupanda bila wao kujua tutayafikia, mawili bado.

Siku ya 6, Alhamisi

Ukungu. Huoni mtu wa hatua kumi. Tumekaa kambini tunaosha soksi na kupitia daftari la kijana, na hapo nimeona kitu nilichokuwa nakijua kwenye kitabu tu. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni mgandamizo wa kambi umeshuka karibu hektopaskali tatu, kisha ukaanza kupanda taratibu kuelekea saa nne usiku. Siku mbili mfululizo, saa zile zile. Ukanda wetu huu wa joto hewa ina kupwa na kujaa kama bahari, mara mbili kwa siku, jua linaifanya ivimbe. Kwa hesabu ya barometa kambi yetu imepanda kama mita 28 mchana halafu imeteremka usiku, na sisi tumekaa pale pale na sufuria letu la maharage. Mtu akipanda asubuhi, akapima kilele mchana, akashuka bila kumwachia mtu wa kuandika namba chini, atauongezea mlima mita hizo zote na ataapa kwamba kifaa chake ni kizuri.

Kijana alivyoona nafurahia namba zake akaanza kuandika kila robo saa.

Siku ya 7, Ijumaa

Leo ndo siku niliyoijia.

Kuna mahali mgongo unalala, tambarare ya nyasi kama mita 400, upande mmoja msitu mkubwa umesimama, upande wa pili nyasi tupu. Nikiwa Dodoma nilikuwa nimechakata data za mwinuko za kutoka angani, zile za rada zilizokusanywa Februari 2000 na chombo cha anga Endeavour kwa siku 11, ndizo watu wengi duniani wanachoria kontua mpaka leo kwa sababu ni za bure na zimefunika karibu kila mahali. Programu ikanichorea kijito kinachotoka pembeni ya ile tambarare kinashuka kaskazini, maana yake ni maji ya Wami.

Mzee akasimama katikati ya nyasi akasema, "Hapana wanangu. Maji ya hapa mnapokanyaga yanaenda Ruaha. Ya Gulwe yanaanzia pale kwenye ule mti uliokauka."

Mwenzangu akamwonyesha simu, mistari ya buluu. Mzee akaangalia kwa heshima akasema mimi nimechunga hapa mvua zikinyesha.

Sasa ufikirie. Ile rada iliyopita angani haikugusa udongo wa msituni, iligusa miti. Penye msitu wa mita 20 au 25 yenyewe inaona ardhi imeinuka karibu kiasi hicho, kwa hiyo kwenye tambarare kama hii ambapo udongo unateremka mita moja au mbili tu, ukingo wa msitu unageuka kuwa kilima cha uongo na maji yote ya kwenye hesabu yanakimbilia upande usio wao. Hilo nimelielewa pale pale nimesimama. Lakini kuelewa na kupima ni vitu viwili, na barometa haiwezi kukupa uhakika wa mita moja.

Tukatoa mpira wa maji.

Mpira wa maji hauna betri wala zoni wala datamu. Unaujaza, unatoa mapovu yote (hiyo ndo kazi yenyewe, povu moja likibaki linakudanganya), mmoja anashika huku mwingine kule, maji yanasimama usawa mmoja, unapima kutoka maji mpaka ardhini pande zote mbili, tofauti unaandika. Mita 20, kisha mwingine anaruka mbele, mita 20 nyingine. Tumeanzia ukingo wa msitu tukaelekea ule mti mkavu, vituo ishirini na kitu, jua likatukuta, upepo ukawa unatikisa mpira tukawa tunasubiri maji yatulie kila mara. Mzee alikaa kwenye jiwe anatuangalia bila kusema kitu.

Ardhi imepanda taratibu kutoka msituni kuja kwenye mti mkavu, jumla mita moja na sentimita 34, na hatua tano baada ya mti ikaanza kushuka upande wa pili. Tukarudia kutoka mwisho kuja mwanzo, tukapata moja na sentimita 31. Mgawanyo wa maji uko pale pale kwenye mti, alipoonyesha yeye na fimbo. Ule mstari wa buluu wa kwenye simu yangu unatakiwa uende Rufiji.

Nilimfuata pale kwenye jiwe nikapiga magoti nikamshika mkono. Sikujua niseme nini, nikasema asante mzee. Akaniambia, "Sasa mwandike na ng'ombe walikuwa wangapi," akacheka, tukacheka wote.

Siku ya 8, Jumamosi

Asubuhi kileleni. Kwenye shiti ya zamani kuna alama ya pembetatu na nilitaka kuiona kwa macho, nguzo ya upimaji ambayo wapima wa zamani walipanda na vyuma na simenti vichwani kwa watu. Ipo. Imevunjwa upande, na kuzunguka chini pamechimbwa shimo la kina cha goti. Kijana akaeleza kwamba watu wanaamini chini ya nguzo hizi kuna mali ya Mjerumani, au zebaki. Hakuna kitu chini yake, ni alama tu ya katikati, na ikishang'olewa sehemu iliyopimwa kwa miezi na watu waliolala kwenye baridi hii imepotea. Nimefukia shimo kwa mawe kadiri nilivyoweza. Tukaketi pale saa mbili GPS inasoma.

GPS ya mkononi na simu vimepishana kwa mita kumi na kitu, na mwenzangu akapata wasiwasi kwamba kimoja kimeharibika. Hakuna kilichoharibika. Simu inakupa kimo juu ya lile umbo la hesabu la dunia, GPS yetu imeshageuza kuwa juu ya usawa wa bahari, na huku kwetu vitu hivyo viwili havilingani. Hata Kilimanjaro tunaouimba, 5,895 ni kipimo cha 1952, mwaka 1999 walipoupima kwa GPS wakapata 5,892, na 2008 wakapata 5,891.8. Namba ya kilele chetu sitaiandika hapa mpaka niichakate vizuri nyumbani, ila umbali wa kutoka hapo mpaka kambini kwa kwenda juu tunao, na nauamini ndani ya mita mbili.

Kutoka kileleni unaona kwa nini huku kunaitwa nyika. Milima nyuma ya milima, na chini kabisa kwenye joto kanda nyeupe ya mchanga ya mto uliokauka.

Mchana mzee akatupeleka kwenye maji. Alitaka twende mimi na yeye tu. Tumeshuka ndani ya msitu kama saa nzima, mbega wanaruka juu, ndege wa chini wakakimbia kwenye majani makavu nikafikiria labda ni yule kwale wa Rubeho ambaye wanasayansi walimkuta mwaka 2000, ila sikumwona vizuri. Mzee alikuwa haongei. Tukafika kwenye mwamba mweusi na maji yanatoka chini yake, safi, baridi mpaka inauma kidole, na huu ulikuwa mwezi wa tisa, kiangazi kimeshika kabisa, huko chini mito yote ni mchanga. Akavua viatu, nami nikavua. Akaongea maneno yake ya Kihehe kwa sauti ya chini. Nilipima kwa ndoo, sekunde 9 lita 20.

GPS ilikuwa imeshasoma. Nilikuwa nimeshabonyeza.

Tukakaa, akaniambia hapa pasiandikwe. Hapa ndo wazee wao wanakuja mvua zikichelewa, na walishawahi kuja watu na misumeno wakitafuta njia ya kufika huku, hawakuijua, wakarudi. "Mkiweka kidoti chenu, watakuja na simu."

Nilikaa kimya muda mrefu. Mimi ni mpima, kijito kinachoanzia hapo ni chanzo cha kweli cha mto nilioufuata siku nane, nina kiasi cha maji, nina kimo, nina picha, na kwenye kazi yangu kuacha kitu unachokijua ni karibu sawa na kuandika uongo. Na bado kila alichosema ni kweli, ramani haichagui nani aisome. Nikamuuliza, mzee, na mtoto wa kijana wako akija kutafuta? Akasema, huyo ataletwa na miguu ya baba yake.

Nikaifuta. Pale pale, mbele yake, kwenye GPS na kwenye simu, na njia ya kuja nayo, na picha. Namba ya ndoo nimebaki nayo maana haina mahali.

Siku ya 9, Jumapili

Kijijini. Tumechora usiku kucha na taa ya sola kwenye karatasi kubwa, asubuhi tukaibandika ukutani kwa ofisi, watu baada ya ibada wakajaa. Mama wa kisima cha kiangazi alitafuta kisima chake kwanza, alipokiona akaweka kidole akakaa nacho hapo. Vijana wakagombania jina la mahame moja, matamshi mawili, wakaitwa bibi wawili wakaamua. Lile la saba hakuna aliyelikubali kama tulivyoliandika, tumelitoa, litasubiri.

Mwalimu mmoja wa shule akauliza kwa nini mto mkubwa wa kusini unaanzia ukingoni mwa msitu wakati kila mtu anajua unatoka ndani. Nikasema ndani ya msitu hatukuchora mito, tumeacha kijani. Akataka kuendelea kuuliza. Mzee alikuwa amekaa mlangoni na fimbo yake, akakohoa, mwalimu akamwangalia, akaacha.

Siku ya 10, Jumatatu

Bodaboda, lori, basi. Kabla ya Dodoma nimerudisha zoni ya 36.

Nakala ya karatasi imebaki ofisini kwa mtendaji, iliyo safi nitaipeleka nikishachakata. Mgongo wa mashariki hatukuugusa kabisa, na majina mawili yanahitaji mtu wa tatu. Mzee amesema tuje mwezi wa pili mvua zikiwa zimekolea, tusimame kwenye ule mti mkavu tuone maji yanavyoachana kwa macho, na tubebe makoti. Nimeshaomba ruhusa.